Kuamia mawazo kabla hayajatua

Katika ushauri wa kichungaji hapa Dodoma, kuna swali linalorudi kuliko mengine yote: "Baba Mchungaji, mimi nimeokoka, mbona mawazo mabaya bado yananijia?" Anayeuliza huwa ameshajihukumu. Anaamini kwamba wazo likipita tu kichwani, tayari ametenda dhambi.

Mtu huyo naanza naye Mathayo 4. Yesu yuko nyikani, amefunga siku 40, ana njaa, na maneno ya mjaribu yanamfikia: geuza mawe yawe mikate, jitupe chini, nisujudie. Aliyasikia yote, na hakutenda dhambi. Sasa tazama alivyojibu. Kila mara alisema "Imeandikwa", na majibu yote matatu aliyatoa Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Njaa aliijibu kwa andiko la mkate, na ahadi ya milki za dunia akaijibu kwa andiko la ibada. Sisi wengi tunakwama hapo. Tunakemea kila wazo kwa maneno yale yale, hata hatujui tunakemea nini.

Waliokulia Bahi, Chamwino au Mvumi wanajua kazi ya kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka shambani. Uwele ukianza kukomaa, mnadamka kabla jua halijachomoza, maana kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, huja asubuhi na mapema. Kundi kupita juu ya shamba huwezi kulizuia. Unapiga kelele na kurusha mawe lisitue, kwa sababu likishatua na kuonja suke, kuling'oa ni kazi. Fikra nazo hulindwa wakati huo, bado ziko juu.

Chukua jambo la kawaida kabisa. Umemwandikia kaka yako aliyeko Dar kwamba ada ya mtoto haijatimia, akusaidie. Tiki mbili zimegeuka bluu, kimya. Saa nne asubuhi wazo linakuja: "Ameona, ananipuuza." Ukilikalisha, kufika saa sita limeshaita wenzake: kwenye msiba wa baba alichelewa, tena mkewe hajawahi kutupenda. Jioni, uko kwenye daladala ya kurudi Nkuhungu, huyo kaka umeshamfuta moyoni, na yeye hajasema neno hata moja.

Paulo anasema tunateka nyara "kila fikira ipate kumtii Kristo" (2 Wakorintho 10:5). Mateka huhojiwa. Basi saa nne ile ile lihoji wazo lako: wewe ni wazo la nini? La uchungu. Ushahidi wako? Kwamba amesoma ujumbe, basi. Kisha lijibu kwa andiko linalolihusu. Mimi ningechukua 1 Wakorintho 13:5, upendo "hauhesabu mabaya". Umwombee kaka kwa jina, halafu umpigie simu. Hiyo simu ni sehemu ya ulinzi, watu wengi huiruka.

Kulitambua wazo kwa jina lake ni hekima ya zamani. Evagrio, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliyagawa mawazo yanayomsumbua mwamini katika makundi manane: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majisifu na kiburi. Akakusanya maandiko ya kujibia kila kundi. Nawahimiza ninaowafundisha wafanye hivyo hivyo kwenye daftari dogo, lakini waanze na kundi moja tu, lile linalowarudia zaidi. Na wasiishie kufukuza. Katika Mathayo 12 pepo mchafu anarudi, anaikuta nyumba tupu, imefagiwa. Ndiyo maana Wafilipi 4:8 inataja mambo ya kutafakari: ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi. Aliyeandika hayo alikuwa kifungoni.

Nina jambo moja zito la kuongeza. Yapo mawazo ambayo ni ugonjwa. Wazo la kutaka kufa, sauti ambazo wengine hawazisikii, hofu inayojirudia usiku na mchana hadi usingizi unakatika: usimwambie mtu wa hivyo kwamba hajalinda fikra zake. Inaniumiza kusikia jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, likitumiwa kama tusi, hata na watu wa kanisani. Pale kuna madaktari na wauguzi wanaotibu watu, na Mungu aliyempa Luka utabibu hachukizwi na dawa. Ukijikuta hapo, mwambie mtu leo hii, nenda hospitali na ndugu mmoja unayemwamini, na mchungaji wako akuombee siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoelekezwa, na daftari la maandiko liendelee kukaa kando ya kitanda.