Je, wajua kwa nini fomu ya uwanja wa ndege peke yake haikulipi begi lako?

Begi limetoka kwenye mkanda gurudumu limeng'oka. Kaunta ya mizigo wanakujazia fomu, ile iitwayo PIR, wanakupa namba inayoanza na herufi za kiwanja kama DAR au NBO, nawe unaondoka ukiamini umeshadai. Bado. PIR ni taarifa ya tukio tu. Madai ni barua au baruapepe unayoandika wewe mwenyewe, na siku zake zinahesabika.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unatoa siku 7 tangu ulipopokea begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa lililochelewa. Zikipita, shirika lina haki ya kukukatalia hata kama begi limechanika katikati. Lisilofika kabisa ndani ya siku 21 huhesabiwa limepotea.

Ukurasa mmoja unatosha: namba ya ndege na tarehe, namba ya tiketi, namba ya PIR, na tarakimu za kile kistika kinachobandikwa nyuma ya boding pasi. Kistika hicho wengi hukitupa teksini, kumbe ndicho kinachothibitisha kwamba begi ulilikabidhi. Kisha taja kiasi. Hapa ndipo barua nyingi zinapokufa: “nimesumbuka sana” hailipiki. “Fundi ametoza shilingi 45,000, risiti nimeambatisha” inalipika. Begi likichelewa, tunza risiti za mswaki, sabuni na nguo za kubadilisha. Tuma nakala, risiti halisi baki nazo.

Ukomo wa fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) tangu Desemba 28, 2024, kama dola za Marekani 2,000 hivi. Ni kwa abiria, si kwa kila begi, na hulipwi zaidi ya hasara uliyothibitisha. Mwenye kitu cha thamani kubwa zaidi atoe tamko maalumu wakati wa kukabidhi mzigo, na alipie nyongeza ikitakiwa.

Ulibadilisha ndege njiani? Usikubali kupigwa danadana. Mkataba unakuruhusu kudai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipoharibika.

Wakikaa kimya, peleka mawasiliano yote kwa mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Mahakamani una miaka 2 tangu siku ya kufika, na malalamiko uliyopeleka kwa mamlaka hayasimamishi muda huo.