Plagini ya "hiari" siyo plagini mbovu

Kwenye studio ndogo za Dodoma, plagini (programu ndogo ya ala au madoido ya sauti, inayofunguliwa ndani ya programu ya kurekodi muziki) ikikataa kufunguka, hukumu hutoka papo hapo: "Za bure hizo, hazipatani na kitu." Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena kwa kelele.

Dhana: Programu ya kurekodi ikisoma LV2, kiwango huria cha kutengenezea plagini, basi kila plagini ya LV2 itafanya kazi yote.

Kiini cha LV2 ni kidogo mno: plagini inaundwa, inaunganishwa na njia za sauti, inachakata, inazimwa. Mengine, kama dirisha lake, MIDI (ujumbe wa noti kutoka kwenye kinanda) na kuhifadhi hali yake, yamewekwa kwenye viendelezi, yaani nyongeza ambazo si kila programu inazo. Plagini hutangaza katika faili la maandishi lenye mkia wa .ttl inachohitaji kwa lazima na inachokitaka kwa hiari. Kikikosekana cha lazima, programu haitakiwi kuipakia. Kikikosekana cha hiari, inapiga kazi, ila kuna jambo litapungua.

Hilo "litapungua" ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimerekodi ilimba (ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ya mzee mmoja wa Chamwino, sauti moja moja, nikazipakia kwenye plagini ya sampuli ili niipigie kwenye kinanda. Nikahifadhi mradi, nikaenda kulala. Asubuhi nafungua: vitufe vyote viko pale pale nilipoviacha, lakini ukibonyeza kinanda, kimya. Programu yangu nyepesi ilitunza namba za vitufe tu. Majina ya mafaili ya sampuli hupitia kiendelezi cha kuhifadhi hali, na programu ile haikuwa nacho. Plagini niliitukana wiki nzima bila kosa lake.

Dhana: Bila dirisha lake zuri, plagini haifai.

Kila kitufe kimeandikwa kiwango cha chini, cha juu na cha kuanzia, kwa hiyo programu inaweza kuchora vitelezi vyake yenyewe. Sura mbaya, sauti ile ile.

Dhana: Viendelezi vina anwani za http, kwa hiyo lazima uwe na bando.

Anwani hizo ni majina tu, zimechaguliwa hivyo ili watengenezaji wawili wasigongane. Programu haiendi popote kuzifungua. Zima data, plagini itafanya kazi.

Dhana: CLAP imekuja kuondoa mambo ya viendelezi.

CLAP ni kiwango kingine cha plagini. Toleo la 1.0 lilitoka 2022, likisukumwa na kampuni za programu za muziki Bitwig na u-he, na nacho kimejengwa juu ya viendelezi, vya kwake chenyewe. Programu huuliza kwa jina, mathalani "clap.state" au "clap.gui", plagini hurudisha inachokijua, au hurudisha utupu. Utupu ni jibu halali kabisa. Kwa maoni yangu, anayestahili lawama ni mtengenezaji anayeuliza kisha akaendelea bila kutazama jibu. Programu ikianguka hapo, kiwango hakihusiki. Kuna pia viendelezi vya rasimu, ambavyo vinaweza kubadilika, kwa hiyo usitegemee kazi ya mteja juu yake.

Dhana: Kiwango ni kimoja, basi faili ni moja.

Plagini uliyopewa kwenye flashi na mwenzako wa Windows haitafunguka moja kwa moja kwenye Linux yako, iwe CLAP au LV2. Hapo viendelezi havimo kabisa. Tafuta toleo lililojengwa kwa mfumo wako.