Kwa nini kaboni hukaa kihambani na kutoroka tambarare

Wakulima wengi wa Uru na Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wana kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mlimani, na shamba la mahindi tambarare, chini ya mji wa Moshi. Samadi ileile ikimwagwa katika mashamba hayo mawili, kaboni itakayosalia ardhini baada ya miaka michache haitalingana, na bidii ya mkulima ni sehemu tu ya sababu.

Kaboni huingia ardhini kupitia majani, mizizi na samadi, kisha hutoka pale vijidudu vinapomeng'enya mabaki hayo na kuyageuza kuwa hewa ya ukaa. Joto huharakisha kazi hiyo. Kwa kuwa joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda, kihamba kilicho mita 1,400 kutoka usawa wa bahari hupungukiwa nyuzi 3 hivi kikilinganishwa na shamba la mita 900. Aidha, udongo uliokauka kabisa ukiloa ghafla hutoa hewa ya ukaa kwa mkupuo, jambo lililochunguzwa katika miaka ya 1950 na mtafiti wa udongo H. F. Birch huko Muguga, Kenya. Tambarare hupitia hali hiyo kila masika yanapoanza, ilhali chini ya migomba kivuli na matandazo hutunza unyevu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo linalosahaulika zaidi ni madini. Udongo wa majivu ya volkano wa miinuko ya Kilimanjaro na Meru una madini ya alumini na chuma yanayoshikamana na mboji (mabaki yaliyooza, yenye kaboni) kiasi kwamba vijidudu haviifikii kwa urahisi. Udongo mweusi wa mbuga, kinyume na wanavyodhani wengi (hata wanunuzi wa mashamba), si lazima uwe na kaboni nyingi, kwani mboji kidogo iliyoshikana na mfinyanzi hutosha kuutia weusi.

Mboji hujificha pia ndani ya mabonge. Tumbukiza polepole katika glasi ya maji bonge kavu lililotoka chini ya mgomba, na jingine la shamba linalolimwa kwa trekta kila msimu: aghalabu la kwanza hubaki zima, la pili huporomoka na kuwa tope. Kila bonge linapovunjwa na jembe, mboji iliyokuwa salama ndani yake huwa wazi kwa vijidudu.

Baada ya mavuno, mabua hupakiwa kwenye pikapu na kupelekwa kwa ng'ombe wa kihambani, na samadi yao huishia kwenye migomba, kwa kuwa kuiteremsha ni gharama. Hivyo shamba la chini, ambalo tayari hupoteza kaboni haraka, ndilo linalonyang'anywa malighafi. Mkulima asiyeweza kuacha mabua yote aache walau sehemu, na apande mbaazi au ngwara kati ya mahindi, kwa sababu mizizi haipakiwi kwenye pikapu, na kaboni yake kwa kawaida hudumu ardhini kuliko ya majani yaliyolala juu.