Pumzi, kasi na enka: maswali ya wachezaji na walimu wa michezo Kigoma

Maneno ya somo la michezo hutumika ovyo uwanjani, na neno likikosewa, zoezi nalo hukosewa. Majibu haya ni kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA), na kwa vijana wa timu za mitaa kuanzia Ujiji hadi Mwanga.

Mwalimu anasema sina stamina, kocha wa mtaani anasema sina pumzi. Ni kitu kimoja?

Vinakaribiana, lakini si kimoja. Pumzi ni uwezo wa moyo, mapafu na damu kuifikishia misuli oksijeni kwa muda mrefu. Stamina ni pana zaidi: ndani yake imo pumzi, na umo ustahimilivu wa misuli yenyewe, yaani msuli kurudia kazi ileile bila kulegea. Mvuvi wa Kibirizi anayevuta nyavu usiku kucha ana mabega na mgongo wenye ustahimilivu mkubwa, lakini mwingize kwenye mbio za mita 3,000 anaweza kukata pumzi mzunguko wa nne. Si mvivu, mwili wake umezoea kazi nyingine.

Anayetafuta pumzi akimbie taratibu dakika 20 hadi 40, siku tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima. Akibaki na neno mojamoja, apunguze. Kosa linaloumiza wengi ni kuupanda kwa kasi kila siku mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga. Mlima ule hujenga nguvu ya mapaja, lakini ukiushambulia kila jioni, unasimama baada ya dakika chache na kesho yake miguu bado haijapona. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili kwa aliyezoea.

Ile asidi inayobaki kwenye misuli ndiyo inayouma siku ya pili?

Hapana, na tungependa imani hii iishe. Ukikimbia mita 400 kwa nguvu zote, msuli huvunja sukari haraka kuliko oksijeni inavyofika, na laktati, ile inayoitwa asidi, hujaa. Ukiacha, huondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayokuja kati ya saa 24 na 72 baadaye ni ya michaniko midogo mno kwenye nyuzi za msuli, hasa baada ya zoezi geni au kushuka mlima. Tembea, fanya mazoezi mepesi, yataisha.

Mita 1,500 hudai njia zote mbili za nishati, ya oksijeni na hiyo ya kuvunja sukari haraka. Mwanariadha wa Tanzania, Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mbio hizo Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, aliongoza tangu mwanzo. Kasi peke yake haikufikishi pale.

Napimaje mapigo ya moyo bila kifaa?

Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie gumba, maana lina mapigo yake na utahesabu yasiyo sahihi. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Kiwango cha juu hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220: mwenye miaka 17 ana 203. Mazoezi makali kwake ni kati ya mapigo 142 na 173 kwa dakika, yaani asilimia 70 hadi 85. Ni makadirio tu.

Kasi na wepesi vinatofautianaje?

Kasi ni kufika haraka kwa mstari ulionyooka. Wepesi ni kusimama, kugeuka na kuondoka tena bila kuyumba. Winga wa netiboli anahitaji wepesi zaidi, kwa hiyo mpangie vizibo au mawe matano, mita tano kutoka kimoja hadi kingine, azunguke kwa zamu sita na apumzike dakika moja kila baada ya zamu.

Tuanze kunyoosha viungo au kupasha?

Pasheni kwanza. Kupasha ni kuongeza joto la misuli na mwendo wa damu; kunyoosha ni kuongeza urefu ambao msuli unaweza kufika. Timu nyingi hushuka garini, zinakaa chini na kuvuta paja kimya kwa dakika nzima. Msuli ukivutwa hivyo zaidi ya sekunde 60 hupoteza kidogo nguvu ya kuruka na kuchomoka. Kimbieni polepole dakika 5. Kisha dakika 5 za kunyoosha mkiwa kwenye mwendo: kurusha mguu mbele na nyuma, kupiga hatua ndefu huku goti likishuka, kuinua visigino hadi makalio. Malizieni na mbio fupi nne za mita 20, mkipandisha kasi kidogokidogo. Kuvuta msuli na kutulia kuwe baada ya mchezo, sekunde 30 kila upande.

Kigimbi kikibana uwanjani?

Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko, shikilia mpaka kilegee. Chanzo kikuu huwa ni uchovu wa msuli.

Mwenzetu ameteguka enka, yaani kifundo cha mguu. Tumkande na maji ya moto?

Msimkande, angalau saa 48 za mwanzo. Kuteguka ni kuvutika kupita kiasi au kuchanika kwa ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Mara nyingi unyayo hupindukia ndani na za upande wa nje ndizo huumia. Maji ya moto na kuchua huzidisha damu inayovujia pale, na uvimbe unaongezeka. Wapo wanaotumbukiza mguu ziwani. Tanganyika juu huwa na nyuzijoto 25 hivi, hayo si maji ya kupoza uvimbe.

Chukua mfuko wa barafu wa dukani, uzungushie kitambaa kwani barafu tupu huunguza ngozi, weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, fungua, ulikaza mno. Akilala, mguu uwe juu ya usawa wa moyo.

Apelekwe kupigwa eksirei kama hawezi kupiga hatua nne, au kama anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe uliochomoza kifundoni, kwenye ncha au ukingo wake wa nyuma. Mguu ukionekana umepinda, usiunyooshe. Uegemeze kama ulivyo na muondoke.

Kurudi uwanjani si suala la uvimbe kuisha. Asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30 bila kushika ukuta, kisha aruke kwa mguu huohuo mara kumi bila maumivu. Akishindwa, aendelee na zoezi la kusimama kila siku, kwa sababu ligamenti iliyoumia hupunguza uwezo wa kifundo kuhisi kimekaa vipi, na hapo ndipo hupinduka mara ya pili.