Je, bakteria anayekula chupa za plastiki anaweza kula na mifuko ya rambo?

Hawezi. Hata chupa yenyewe, kama ilivyotoka dukani, inamshinda kwa sehemu kubwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Japani walieleza katika jarida la Science kuhusu bakteria waliyempata Sakai, karibu na Osaka, kwenye eneo la kurejeleza chupa. Walikuwa wamekusanya sampuli 250 za udongo, tope na majitaka. Wakampa jina la Ideonella sakaiensis. Habari ilipofika mitaani ikawa fupi: bakteria anakula plastiki. Basi watu wakaanza kuona dampo zima likimwagiwa ndoo ya bakteria, likajisafisha lenyewe.

Lakini plastiki ziko nyingi, na huyu anakula moja tu, PET, ile ya chupa za maji na soda, ambayo pia ndiyo nyuzi za nguo za poliesta. Mfuko wa rambo ni polithini. Kiti cha plastiki mara nyingi ni polipropilini. Mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, ile inayoziba mitaro, haimhusu kabisa.

Sababu iko kwenye maungio. Molekuli ya PET ni kama garimoshi refu sana: behewa, kiungio, behewa, kiungio. Kiungio hicho wanakemia hukiita esta, na kimeng'enya cha bakteria huyu (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia), PETase, ni fundi anayejua kukifungua. Kimeng'enya cha pili hupokea vipande na kuvikata zaidi, hadi zibaki asidi ya tereftaliki na ethilini glaikoli, ambazo bakteria anazitumia kama chakula. Polithini ni garimoshi lisilo na viungio: kaboni imeshikana na kaboni toka kichwa hadi mkia. Fundi anazunguka na spana yake, haoni pa kuiweka.

Hata kwenye PET kuna kikwazo. Katika chupa, magarimoshi mengi yamepangwa sambamba, yamebanana, na fundi hapati pa kupenya. Wajapani walitumia utando laini ambao sehemu yake iliyopangika hivyo haikufika hata asilimia 2. Uliliwa kwa takriban wiki sita, kwenye nyuzijoto 30. Chupa imebanana mara nyingi zaidi ya hapo.

Ndiyo maana hatua kubwa iliyofuata haikumtumia bakteria hai. Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walichukua kimeng'enya kilichogunduliwa kwenye mboji ya majani, wakakiboresha, kikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Ila kwa nyuzijoto 72, na baada ya plastiki kuyeyushwa na kusagwa kwanza. Hicho ni kiwanda, si dampo.

Na polithini? Mwaka 2017 ilidaiwa kwamba viwavi wa nondo wa nta wanaivunja, na ushahidi mmojawapo ulikuwa alama za kikemia zilizobaki juu ya plastiki iliyopakwa viwavi waliopondwa. Wanakemia wa Ujerumani wakajaribu kupaka kiini cha yai na nyama ya nguruwe ya kusaga. Wakapata alama zinazofanana na zile, yaani alama hizo peke yake hazithibitishi kwamba plastiki ilivunjwa.