Mtoto mwenye ualbino si mzito wa kuelewa, haoni ubao

Katika madarasa ya Dar es Salaam, mtoto mwenye ualbino akichelewa kunakili husemwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Si kweli. Ualbino haugusi akili. Unagusa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho, na bila melanini ya kutosha retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haikui sawasawa tangu tumboni. Ndiyo maana macho huchezacheza, mwanga mkali humsumbua, na miwani haimalizi tatizo, maana hairekebishi retina.

Wapo pia wanaoogopa kuambukizwa. Ualbino hurithiwa tu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba vinasaba vyake, hata kama rangi yao ni ya kawaida, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mwenye ualbino.

Kutengwa kwenyewe huanzia kwenye dawati. Akikaa nyuma haoni, asipoona hanyooshi mkono, na asiyenyoosha mkono wenzake humzoea kama hayupo. Inauma, kwa sababu dawa yake haina gharama. Mkalishe mbele, katikati, dirisha likiwa mgongoni mwake. Mruhusu ausogelee ubao, au anakili kwenye daftari la jirani yake. Urafiki mwingi huanzia hapo. Mwalimu atamke anachokiandika. Karatasi ya mtihani ichapwe kwa herufi kubwa.

Paredi ya asubuhi wasimame wote kivulini, asiwekwe pembeni peke yake. Kapelo haitoshi: inaacha wazi masikio na shingo, sehemu ambazo saratani ya ngozi hupata nafasi. Avae kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, hata kama sare ni ya mikono mifupi.