Salwa Judum haikuzuka yenyewe
Wengi bado husema Salwa Judum, harakati ya wanamgambo iliyoanza jimbo la Chhattisgarh, India, mwaka 2005, ilikuwa hasira ya wanavijiji tu dhidi ya waasi wa Kimao, yaani wakomunisti wanaofuata mawazo ya Mao Zedong. Sivyo. Ni kweli wapo waliowachoka waasi, na waasi nao waliua raia. Lakini ni serikali iliyowapa vijana wa Kiadivasi (wenyeji wa asili wa India), wengine hata shule hawakumaliza, bunduki na posho iliyofika rupia 3,000 kwa mwezi. Nyumba zikachomwa pamoja na nafaka, watu wakaswagwa hadi kambi za kando ya barabara. Aliyebaki kijijini alihesabiwa mwasi. Maelfu walivuka kwenda jimbo jirani la Andhra Pradesh, wakawa vibarua wa kuchuma pilipili. Julai 2011, Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba kuwapa vijana hao silaha kulikiuka katiba.